Basili Hayupo

Basili wa Tumati alikuwa na hotuba moja tu maishani, na kila mkutano wa kijiji aliitoa. Serikali, alisema, ina mkono mrefu lakini haina paja la kumkalisha mtoto. Nyumba ni baba, na baba akitoka, ruzuku zote za dunia haziwezi kuliziba pengo lake. Watu walisonya, wengine wakacheka. Mwenyewe aliamini kweli, maskini ya Mungu.

Kisha mvua ikagoma miaka miwili, ng'ombe wakaisha, na ruzuku ya kaya maskini ikaja. Ikavumishwa kwamba nyumba yenye mwanaume mwenye nguvu zake haitapita. Nani alisema? Mpaka leo hajulikani. Basili ndiye aliyemtuma mkewe, Genoveva, akaseme kwamba mume alitelemka Nangwa kutafuta vibarua akapotelea huko. Mtoto wa mwisho, Brightness, akafundishwa jibu moja: baba hayupo. Usimcheke, njaa haina adabu.

Jina likapita. Unga ukaonekana, sare za shule zikanunuliwa. Basili akahamia upande uliokuwa wa ndama, humo humo ndani, akawa anatoka tu ukungu ukishuka mpaka mlangoni. Mwanzoni Genoveva alimpelekea ugali kwa utani, akimwita marehemu. Halafu utani ukaisha. Halafu kuna siku sahani ikasahaulika. Mbwa aliyemlea mwenyewe akawa anampita bila kutikisa mkia. Asubuhi moja Basili alikohoa, na Brightness, aliyekuwa akikoroga uji, akaacha mwiko akafanya ishara ya msalaba. Basili aliogopa mno, kwa sababu mtoto hakuwa anaigiza.

Akajipa moyo kwa jambo moja: posa ya binti yake mkubwa, Justina. Pale kwao wageni wa posa hawakuvuka kizingiti mpaka baba aitike kutoka ndani. Siku hiyo, aliapa, ataitika, na ruzuku iende zake.

Wageni walikuja mchana, ukungu umefunga. Aliyewatangulia alikuwa Mzee Evarist, baba mdogo wa kijana mposaji, ambaye pia alikuwa mjumbe wa kamati ya ruzuku. Akapiga hodi, akauliza mwenye nyumba. Basili akasimama katikati ya chumba, kifua mbele.

"Nipo," akaitika kwa sauti yake yote. "Karibuni."

Kisha Mzee Evarist akauliza taratibu, "Mama Justina, nani ameitika?"

Genoveva akamtazama mumewe, machozi yakimlengalenga. Akalitazama na gunia la unga. Basili alimnyooshea mkono, naye hakuupokea. Brightness akawahi mlangoni.

"Shikamooni," akasema. "Hakuna mtu. Baba hayupo."

"Hayupo," Genoveva akasema. "Shemeji yangu atawapokea."

Basi Patriki, mdogo wake Basili, akaitika kutoka pembeni alikokuwa ameketi, na wageni wakaingia. Mzee Evarist alitazama pale pale Basili aliposimama, akaomba kigoda kiwekwe hapo. Basili akasogea. Angefanya nini? Akarudi upande wa ndama, akangoja angalau aitwe kumbariki binti yake. Alisikia Patriki akibariki, na Justina akiitikia.

Kilio kikamtoka, kirefu, bila yeye kutaka. Mzee Evarist akauliza ni nini hicho.

"Ni nyumba tu," Genoveva akamjibu, akimmiminia pombe. "Tangu mwenyewe aondoke, inalia hivyo."