Mwizi Niliyemwandika Kitabuni

Kuna siku haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na kwa kuwa nimesikia umeitwa kwenye kundi la walimu watakaoandika kitabu cha Kiswahili cha shule za msingi, nitakusimulia kabla hujashika kalamu. Kaa vizuri. Si hadithi ya kujisifu.

Nilikuwa mwalimu kijana, nina miaka mitatu kazini, nimepangiwa shule moja kule Kimuli. Wenzangu waliniita Mwalimu Mdomo, na hawakunionea. Vitabu tulivyokuwa navyo vilinichefua. Kila ukifungua ukurasa unakutana na minazi na bahari, wakati watoto wangu hawajawahi kuona nazi hata moja. Ndizi, chakula chetu cha kila siku, iliandikwa kwenye orodha ya matunda, basi. Mtoto aliyejibu kwamba ndizi ni chakula cha mchana nilimwekea kosa mwenyewe, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema. Lililoniuma zaidi ni ukurasa wa wafugaji. Waliandikwa kuwa watu wa kuhamahama, wasiopenda shule. Mimi nimezaliwa Nyakakika, kwenye nyumba ya wafugaji, na babu yangu alizikwa palepale alipozaliwa. Sasa huyo asiyependa shule ni nani, mimi?

Basi nikaandika kijitabu changu. Hadithi kumi na mbili za ufahamu, na maswali yake. Mratibu wa elimu wa kata alifurahi, akatutafutia karatasi na mashine ya kudurufu, na kijitabu kikagawiwa shule tano, hadi Songambele. Humo wafugaji walikuwa watu wenye akili zao, watoto walikula ndizi na maharage, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa mwanamke. Nilitembea kifua mbele, nikijiona nimewakomboa watu.

Hadithi ya saba ilihusu mwizi wa ndizi. Kibarua mlevi, anakunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, tangu asubuhi, kisha anakata mkungu kwenye kibanja cha migomba cha mtu aliyempa kazi. Mwishoni anafukuzwa kijijini, na watu wote wanashangilia. Nilimpa jina la Habimana.

Unalijua jina hilo. Ni la wenzetu ambao wazee wao walitoka Rwanda na Burundi. Wapo wengi huku, wengine wamezaliwa hapahapa, wanalima mashamba yao na ya watu. Wakati naandika sikuwa na chuki na mtu. Jina lilikuja tu, nikaliandika. Na hapo ndipo penye ubaya, mwanangu, kwamba lilikuja tu.

Darasa la saba nilikuwa na binti anaitwa Veneranda, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Baba yake alikuwa kibarua, na jina lake ni Habimana. Ungedhani mwalimu anayeita majina ya wanafunzi kila asubuhi angeliona hilo. Sikuliona.

Tulisoma hadithi ile Jumatatu, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Walipofika kwenye jina watoto wakacheka, nami nikagonga meza nikawaambia waendelee. Jumatano Veneranda hakuja. Wiki iliyofuata hakuja. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki miezi miwili, na kama kuna mtoto tuliyemtegemea kwenda sekondari mwaka ule, ni yeye. Nilipowauliza wenzake walitazamana. Mwisho mmoja akasema kwamba wanamwita binti wa mwizi wa ndizi.

Nilikwenda kwao siku hiyohiyo baada ya masomo. Nilikuwa na hasira, na nikuambie ukweli, niliwakasirikia watoto, si nafsi yangu. Njiani nilipanga maneno ya kumweleza baba yake umuhimu wa elimu. Nilimkuta anapalilia maharage. Nikamwamkia shikamoo, na neno lilipotoka ndipo nikagundua kwamba tangu nifike pale sikuwahi kumwamkia kibarua hata mmoja, wengine wakiwa na umri wa baba yangu. Akaitikia, akanawa mikono, akanipa kigoda, akamwambia binti yake alete kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni. Nikatafuna, nikaanza hotuba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniambia kwamba yeye hajui kusoma, na binti yake amekataa katakata kumweleza kilichomo kitabuni.

“Nisomee, mwalimu,” akasema. “Nisikie mwenyewe.”

Kijitabu kilikuwa kwenye mkoba wangu, ningekataaje? Mwanangu, nimesoma mbele ya wakaguzi, nimesoma somo kanisani siku ya Krismasi watu wamejaa hadi nje, lakini sijawahi kusoma kitu kizito kama kile. Nilipofika penye ulevi niliparuka. Nilipofika kwenye jina nikasema “mtu mmoja.” Veneranda alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kahawa, akasema kwa upole kabisa:

“Mwalimu, umeruka mistari miwili.”

Nikarudi nikaisoma. Nilipomaliza, mzee hakufoka. Aliniuliza swali moja tu.

“Huyu mtu ulimjulia wapi?”

Sikumjulia popote. Mwizi wa ndizi niliyewahi kumjua maishani mwangu ni mmoja, baba yangu mdogo, aliyekamatwa na mkungu wa jirani begani nilipokuwa mtoto. Kisa chote kilikuwa chake, pamoja na hiyo rubisi. Niliichukua aibu ya kwetu nikawavisha watu ambao nilijua hawatakuja kuniuliza. Nyani haoni kundule, na mimi nililiona langu siku hiyo, mbele ya mwanafunzi wangu. Nikamwambia mzee ukweli wote, nikaomba radhi, nikalia. Akasema amesamehe. Ila anayechekwa si yeye, akasema, kwa hiyo habari ya kurudi shule nimuulize mwenyewe. Nikamuuliza. Veneranda akataka kujua, je, na zile shule nyingine nne zitaendelea kusoma hivyohivyo?

Wiki nzima nilizunguka kwa baiskeli kukusanya vijitabu. Mwalimu mkuu mmoja alinicheka, akanishauri nilifute jina kwa kalamu niweke jingine. Jingine la nani? Kila jina lina mtoto anayeliitikia. Vingi nilivipata, vingine hadi leo sijui viko wapi, na maji yakimwagika hayazoleki. Kisha nikasimama mbele ya darasa la saba nikawaambia kwamba mwizi wa hadithi ile ni baba yangu mdogo. Wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Habari zikafika Nyakakika kabla ya Jumapili, na baba yangu akaninunia miezi mingi. Hata hilo la kumtaja ndugu yake hadharani sijui kama nililifanya sawa.

Veneranda alirudi. Alifanya mtihani akafaulu, akaenda sekondari. Najua ungependa niishie hapo. Lakini tangu siku aliyorudi hadi siku aliyoondoka, mtoto yule hakunyoosha mkono tena kwenye kipindi changu. Nikiuliza swali ambalo najua analijua, aliinama akatazama dawati. Kusamehe alinisamehe, aliniambia kwa kinywa chake. Kuniamini ndiko kulikokwisha, na iliniuma, inaniuma mpaka leo nikikusimulia.

Sasa sikiliza ninachokuusia. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wewe utaivuta, usijidanganye kwamba elimu yako ya chuo itakuzuia. Mimi nilikuwa nimeonewa na kitabu, nina kidonda kabisa, na bado nilimwonea mwingine kwa kalamu ileile. Huko mtakaa mezani mhesabu picha za wavulana na za wasichana, na ni kazi njema, ifanyeni. Lakini wewe uliza pia mlevi wa kitabu chenu ana jina la wapi. Anayefagia ni nani, na anayefagiliwa ni nani? Mjinga wa kuchekwa mmemtoa kwenye nyumba gani? Jina likikujia kwa urahisi mno, weka kalamu chini. Na kabla kazi haijapelekwa kuchapishwa, chukua ukurasa wako uende nao kwa mtu uliyemwandika, iwe ni porini kwenye ng'ombe wake au shambani anakopalilia, umsomee usoni bila kuruka mstari. Ukiona ulimi unakuwa mzito, futa, hata kama wenzako wameusifu ukurasa huo.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kazi hiyo, akupe maneno ya kutosha na akunyime haraka. Na mtoto yeyote atakayemkuta baba yake ndani ya kitabu chako, amkute mtu ambaye mtoto huyo anaweza kurudi nyumbani jioni akamsomea ukurasa huo bila kuruka mstari.