Sauti Chini ya Jiko la Shangazi

Bibi Afya, kama wenye migahawa walivyomwita, alikuwa na mtindo wake wa kukagua jiko. Akishatazama vyeti vya wapishi, akishachungulia jokofu na kupitisha kidole juu ya rafu, alisimama katikati ya jiko akafumba macho. Wapishi walidhani anasali. Kumbe anasikiliza. Mvuke ukimpanda usoni, sauti zilimjia kama za watu wanaozungumza chumba cha pili: mfuniko unaochezacheza, jokofu linaloguna, bomba linalodondosha. Jiko lisilo na kasoro, alisema, hupumua kama mtu aliyelala vizuri.

Mwaka huo kibali cha mgahawa wa shangazi yake kilikuwa kimekwisha muda. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Akiwa mdogo alilala mchana juu ya magunia ya unga, nyuma ya jiko hilohilo. Kwa hiyo aliomba atumwe mtu mwingine. Mkuu wake akakubali nusu: aende na mwenzake, na sahihi iwe ya huyo mwenzake.

Shangazi aliwapokea kwa kicheko. "Leo mwanangu umekuja kunikagua! Haya, anza na masikio, kama nilivyokukagua wewe kabla ya shule."

Kila kitu kiling'aa. Mwenzake alikwisha toa kalamu. Bibi Afya akafumba macho, na kwa muda akawa tena mtoto juu ya magunia, usingizi ukimnyemelea. Kisha, chini ya sauti zote, akasikia maji yakitembea polepole mahali ambapo hapakupaswa kuwa na maji.

"Shangazi, maji haya yanasikika tangu lini?"

"Hayo? Nimeyazoea. Hunibembeleza nikiwa peke yangu."

"Yako chini ya jiko. Kibali hakitoki mpaka sakafu ifunguliwe."

Kicheko kikakatika. "Yaani wewe, niliyekufuta makamasi, ndiye wa kunifungia mlango?"

"Ndiyo, shangazi. Ni mimi." Machozi yalimlengalenga, lakini hakurudi nyuma. Mwenzake akatia sahihi agizo la kufungua sakafu.

Fundi bomba alipoanza kuvunja sakafu, nyundo ilimponyoka ikazama. Bomba la majitaka lilikuwa limepasuka zamani, maji yakaila ardhi taratibu. Pale pale shangazi aliposimama kila siku na sufuria lake kubwa, palikuwa na shimo la kumtosha mtu mzima, limefunikwa na saruji nyembamba tu. Shangazi akainama kutazama. Mwanga wa dirisha ulifika mpaka chini, ukatetemeka juu ya maji.

"Kumbe nilikuwa nasimama hewani," akasema, kama anayejisemea.

Matengenezo yalichukua msimu mzima wa mvua, na shangazi akahamia kwa Bibi Afya. Siku za mwanzo alinuna. Aliamka kabla ya jua, akasugua masufuria yaliyokwisha kuwa safi, akapanga upya kabati ambalo halikuwa lake. Halafu mikono ikaanza kutulia. Adhuhuri moja Bibi Afya alirudi akamkuta amesinzia kitini, mvua ikinong'ona dirishani. Hakuwahi kumwona amelala mchana. Akaketi sakafuni karibu na miguu yake, asithubutu hata kuvua viatu.

Shangazi akafumbua macho. "Nimeota nakula."

"Unakula nini?"

"Wala sijui. Alipika mtu mwingine."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono, na hasira ikaishia hapo.

Sakafu mpya ilipokauka, mwenzake Bibi Afya akaja kukagua, kibali kikatundikwa ukutani. Shangazi akaajiri mpishi. Siku hizi watu wakijaa mchana, yeye huketi kwenye meza ya dirishani kama mteja, akaletewa sahani yake. Hula taratibu akitazama barabara, na ukimsemesha, huchelewa kidogo kukujibu, kama anayeamka usingizini.