Mzee Alitaka Mia kwa Mia

Katika intaneti kafe moja ya Doornfontein, Johannesburg, kijana wa Kitanzania alikuwa akiliunda upya gari kuukuu la mashindano kwa ajili ya gemu ya kompyuta. Kando yake alikaa mzee Mkongo aliyeliendesha enzi zake. Nyuma yao mimi, nasubiri kompyuta hiyohiyo nitume maombi ya kazi kabla ya saa sita.

"Dereva nimpe uwezo kiasi gani, Papa?"

"Mia kwa mia."

"Kwani ulishinda mara ngapi?"

"Jamais, fiston, hata mara moja. Walinigonga kila mara."

"Basi arobaini."

Mzee akapiga meza. "Hata kwenye gemu unanionea?"

"Eish, mpe mia aondoke!" nikafoka.

Akapewa, akatoka kifua mbele, kijana akamfuata. Nikakaa: saa sita imeshapita. Mzee ni bingwa sasa. Mimi mwenye digrii ya kweli bado naandika, kwa unyoofu wa kijinga, kwamba sina uzoefu.