Omena za Phelesia Zilipogeuka Dhahabu Mtandaoni

Jua la Kendu Bay limeshapanda, na Phelesia Akomo hajui aangalie wapi kwanza: omena, wale dagaa wa ziwani, zilizotandazwa kwenye wavu, wingu linalojikusanya upande wa Mlima Homa, au simu iliyo mfukoni mwa aproni yake ya njano.

Anaangalia vyote. Anapindua samaki kwa viganja viwili, anatoa simu, anairudisha, anainama tena.

"Supastaa, leo huimbi?" anamtania Achieng, mwenzake wa kuanika. "Samaki wako hata poda hawajapakwa!"

"Wacha zikauke kwanza, ndiyo unicheke," anajibu Phelesia. Yeye mwenyewe hacheki.

Ana sababu. Leo mchana Kultum Issack, mwenye duka la jumla mjini Migori, atampigia simu ya video. Kwa muda mrefu Kultum alichukua kwake magunia manne kila wiki na kuyasambaza kwenye vibanda vya chakula vya Masara, ambako wachimbaji dhahabu hupanda kutoka mashimoni wakiwa na njaa ya kula sufuria. Mwezi uliopita aliacha kuagiza. Asiporudi, Phelesia, mama wa Cephas na wengine wawili, atarudi kuuza kwa mkebe kando ya barabara, kazi iliyomchosha miaka mingi.

"Na hakuna aliyenifanyia hivi," anasema. "Mimi mwenyewe nilijirembesha mpaka nikapotea."

Alianza kujirekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Video zake zilitetemeka, na mara nyingi kidole gumba kiliziba pembe moja. Hakusalimia mtu. Alichota omena, akazileta karibu na simu na kuzitikisa, zikalia kama majani makavu yanayokanyagwa. "Za leo," alisema, kisha akazima.

Wafuasi hawakufika mia tatu, lakini walikuwa watu wa kununua. Mmoja wao alikuwa Kultum.

"Nilikuwa naona haya," Phelesia anaeleza huku akitoa jani kati ya samaki. "Kuna mama wa Mbita anauza samaki, ukurasa wake unang'aa kama saluni. Wangu ulikuwa kama picha ya kitambulisho."

Akaenda Homa Bay kwa Levi Mayaka, mchapishaji na mbunifu wa mabango. Levi alimchorea nembo ya samaki ndani ya duara, akamshoneshea aproni, akamchagulia wimbo wa kuweka kwenye kila video. Juu ya yote akampa filta ya kuzitia picha rangi ya dhahabu.

Ukurasa ukalipuka. Wafuasi walipita elfu tisa. Watu wa Nairobi na hata ng'ambo walimtumia mioyo na kumwita malkia wa ziwa. Ila hakuna aliyeagiza, na wale wa zamani wakaanza kunyamaza. Kisha mtu wa Rongo akaandika chini ya video: "Mama, hizo ni za kuku."

Kwa mgeni wa ziwa, tusi hilo linahitaji maelezo. Omena iliyokauka vizuri hung'aa kama fedha. Ikinyeshewa, au ikikaa ghalani kupita kiasi, hugeuka manjano, na ya manjano huishia kwenye chakula cha kuku. Mnunuzi wa huku hulijua hilo kabla hajainusa.

Phelesia amelijua tangu utotoni. Lakini kila alipotazama video zake mpya, hakuwa akitazama samaki. Alikuwa akitazama ukurasa wake. Na wimbo ulikuwa umefunika ule mlio uliokuwa ukimuuzia.

Dukani kwake, Levi hakubali kubebeshwa mzigo wote.

"Nilimuuliza, 'Mama Cephas, rangi iko sawa?' Akaniambia, 'Ongeza, omera, ndugu yangu, ongeza!'" anasema, akiinua mikono. "Mimi ni Mkisii. Omena nazijua zikiwa kwa sahani. Na mtu akipitisha kidole kwa simu, unadhani atasimama kutazama video inayotetemeka?"

Ana hoja. Nembo yake ikiwa juu ya gunia ndiyo iliyomvutia mwenye hoteli moja ya Homa Bay, ambaye bado ananunua. Phelesia halikani hilo.

Simu inalia. Wingu limeshafika ziwani. Phelesia anajipangusa mikono mara mbili kabla ya kupokea.

"Salaam, Mama Cephas," sauti ya Kultum inatoka. "Hiyo aproni ni ya harusi?"

"Dada Kultum, ni ya kazi tu."

"Niliziona video zako. Dhahabu huku Masara tunayo, mama. Vijana wanaichimba, hawaili."

Achieng anageuka kando kuficha kicheko. Phelesia anaisogeza simu karibu.

"Ilikuwa rangi ya simu, walahi si samaki."

"Sasa nipeleke kwa samaki. Uso wako naujua."

Phelesia anapiga magoti kando ya wavu na kuchota. Anainua kiganja mpaka karibu kigonge kioo cha simu.

"Tikisa," anaamuru Kultum.

Achieng, bila kuambiwa, anazima redio yake. Omena zinalia.

"Tena."

Zinalia tena.

"Vunja moja."

Inakatika katikati, tak. Upande wa pili inasikika pumzi ndefu.

"Nilidhani umeingia biashara ya kuku," anasema Kultum. "Nitumie gunia moja. Moja tu. Watu wa vibanda wasiponiletea kelele, tutaongea."

Moja si manne. Phelesia anashukuru, anakata simu, anabaki amepiga magoti akiitazama kana kwamba itaongeza neno. Tone la kwanza linamwangukia shingoni.

"Supastaa, mvua!" Achieng anapiga kelele, na wote wawili wanakimbilia pembe za wavu.

Samaki wakiwa salama chini ya turubai, Phelesia anataja mipango yake kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Nembo itabaki kwenye magunia, na Levi ataipunguza ikae kwenye pembe ya video. Filta imekwisha. Wimbo umekwisha. Kabla ya masika anataka vichanja vya mbao vyenye paa la plastiki, ili wingu lisimkimbize tena.

Tayari ameweka video aliyoirekodi asubuhi: mkono, samaki, mlio, na maneno yale mawili. Anaifungua, anaifunga, anaifungua. Kati ya wafuasi elfu tisa, mioyo haijafika ishirini. Mmoja anauliza wimbo umeenda wapi. Mwingine anasema malkia amechoka.

"Unaona?" anasema, akiinyoosha simu. "Wananikimbia."

Simu inatetemeka mkononi mwake. Ni jina asilolijua; wasifu wake unasema ana kibanda Masara. Hakutuma moyo wala sifa. Ameandika: "Gunia ni bei gani?"

Phelesia anapangusa magamba vidoleni kwa aproni ya njano, na kuanza kuandika.