Uzi Mwekundu na Kipaza Sauti

Mjini Shinyanga, katika miaka ile ya sabini, hapakuwa na mtu aliyezijua filamu za Kihindi kunishinda mimi, na Kihindi chenyewe sikukijua hata neno moja. Nasema hivyo bila aibu. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, binti wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, sijaolewa, na mapenzi yangu yalikuwa mawili: sinema na hoteli za Wahindi. Padri wa kwetu aliposikia alimwambia mama yangu aniombee. Mama aliniombea, mimi nikaendelea kwenda.

Hoteli zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa karibu na stesheni, ya Wahindi Waislamu, na Ijumaa walipika biriani ya mbuzi iliyokuwa ikimalizika kabla ya saa nane. Ya pili ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja chenye meza tano, na hapo nyama haikuingia kabisa. Aliyekuwa akiiendesha ni bibi mmoja mwembamba ambaye wajukuu zake walimwita Ba, na mji mzima tukamwita hivyo hivyo. Nilikuwa na daftari ambamo vyakula vyao niliviwekea alama kama kazi za wanafunzi. Biriani ya stesheni, saba kwa kumi, mchele umezidi mafuta. Bajia za Ba, tisa. Kachori za Ba, tisa na nusu. Achari yake ya maembe niliipa kumi siku ya kwanza na sikuishusha tena. Nyuma ya daftari hilo hilo niliandika filamu: nani alimpenda nani, nani alikufa, nililia wapi.

Wanawake kula hotelini peke yao halikuwa jambo la kawaida, na walimu wenzangu walinisema. Niliwaacha waseme. Ba alinizoea upesi. Nikiingia nilimwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba alikuwa ameshaniwekea chai ya maziwa yenye iliki mezani. Hatukuwa na mazungumzo marefu. Niliketi pale kila Jumamosi, nikitoka hapo naenda kwenye onyesho la akina mama, na yeye na mkwewe walikwenda pia, wakikaa juu orofani, sisi tukikaa chini.

Huko chini ndiko nilikojipatia jina. Akina mama wengi walitoka vijijini, walikuja mjini kuuza kuku au kufuata hospitali, wakapitia sinema. Filamu zile hazikuwa na maandishi tuliyoweza kuyasoma, na watu kwenye pazia walikuwa wakiongea kama maji ya bomba. Siku moja mama aliyekaa kando yangu aliniuliza yule mzee analia nini. Nikamwambia, kwa Kisukuma, kwamba amefilisika. Sijui nililitoa wapi. Dakika chache baadaye watu wakaja kumtolea vyombo nje, na safu nzima ikanigeukia kwa heshima. Tangu siku ile nilisimulia kila Jumamosi. Nilitazama nyuso, nilitazama mikono, halafu nikasema kilichokuwa kikitokea, bila kusita. Ningeweza kwenda kumuuliza Ba maana ya maneno yale, meza yake ilikuwa hatua mia kutoka mlango wa sinema. Sikumuuliza. Mwalimu huulizwa, haulizi. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri.

Filamu iliyonipa sifa kuliko zote ilirudi Shinyanga mara tatu. Ndani yake mna kijana hodari aliyechumbia msichana mzuri. Mapema kabisa katika hadithi, mwanamke mwingine anakuja kwake. Anamfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, anampaka alama nyekundu kwenye paji la uso, kisha anamlisha kitu kitamu kwa mkono wake mwenyewe. Uzi, alama, na kitu cha kula. Nani kwetu angehitaji kuambiwa zaidi? Hata mtoto wa Kisukuma anajua uzi wa mkononi hutoka kwa mganga. Nikatangaza kwamba kijana amelishwa limbwata. Na kweli, toka hapo kijana hana akili zake. Anamwacha mchumba wake, anakwenda kupigana na mwenye shamba aliyemdhulumu yule mwanamke, na mwishoni anakufa kwa risasi, kichwa kikiwa mapajani pa mwanamke huyo. Akina mama walimlaani mwanamke yule kwa sauti. Mmoja alimtupia ganda la karanga kwenye pazia. Walikwenda nyumbani Kishapu na Bugarama na Geita wakiisimulia kama nilivyoisimulia, na mimi nilijiona mtu mkubwa.

Kisha mwenye sinema akabuni kitu ambacho Shinyanga haikuwahi kukiona: siku nzima ya wapenzi wa filamu za Kihindi. Asubuhi mashindano ya mavazi na nyimbo, halafu mashindano ya kusimulia. Mshindi wa kusimulia angekabidhiwa kipaza sauti, awe anasimulia filamu kwa Kiswahili kila Jumapili, ukumbi mzima, chini na juu. Nilikitaka kipaza sauti kile kuliko nilivyowahi kutaka mume. Nilikuwa nimechoka kunong'oneza safu tatu za viti. Wanaume walisema sauti ya mwanamke haifai kwa filamu ya ngumi, na hilo lilinitia moto zaidi.

Siku yenyewe ilipofika watu walikuja kwa treni na kwa malori ya pamba. Vijana walivaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, nywele wamezilaza kwa mafuta mpaka zinang'aa. Wasichana walijifunga mapazia ya madirisha wakayaita sari. Mkulima mmoja wa makamo, miguu ina vumbi la njiani, aliimba wimbo wa Kihindi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuelewa hata silabi moja, na Wahindi kule orofani walisimama kumpigia makofi. Mimi nilivaa sari ya kweli niliyoazimwa na mke wa fundi saa, na kwenye paji la uso nilijipaka nukta kwa wino mwekundu wa kusahihishia madaftari. Wino ule haukutoka kwa siku nne.

Wasimulizi tulikuwa saba. Kila mmoja alipanda jukwaani akasimulia filamu aliyoichagua, na mimi bila shaka nikasimulia ile ya uzi. Niliisimulia kwa Kiswahili, kwa kipaza sauti, polepole, nikionyesha kwa vidole jinsi dawa ilivyofungwa na jinsi ilivyolishwa. Chini walipiga miluzi. Orofani niliona watu wakigeukiana, wengine wakicheka na wengine wakitikisa vichwa. Nilidhani wanashangaa ufundi wangu. Tulibaki wawili: mimi, na mchimbaji wa dhahabu kutoka upande wa Geita, mrefu, mcheshi, aliyesema dhahabu imemkataa na sasa anajaribu bahati mjini. Watu wakapiga kelele kwamba alasiri tuoneshwe mkanda wa mwisho wa filamu ile ya uzi, na kila mmoja ausimulie kwa zamu yake. Nilikwenda kula nikiwa na hakika ya ushindi.

Kwa Ba palikuwa pamejaa. Nikaamkia, shikamoo Ba. Aliitikia, lakini chai haikuja. Alihudumia meza nne, ya kwangu akaipita. Nilipomwita alikuja akasimama mbele yangu, mikono imeshika ncha ya sari yake.

"Mwalimu, yule si mpenzi wake," alisema. "Yule dada yake."

Nikamwambia nimeona kwa macho yangu uzi na kile kitu cha kulishwa. Ndipo akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wateja wakiwapo. Akanieleza kwamba ni desturi yao: kila mwaka, siku moja, dada humfunga kaka yake uzi, humtia alama, humlisha peremende, naye kaka huahidi kumlinda maisha yake yote. Hakuna dawa. Kijana wa filamu alikwenda kupigana kwa sababu aliahidi. Halafu akaniambia habari zake. Yeye naye alikuwa na kaka. Nyumba zilipotaifishwa, kaka alihamia Uingereza, na kila mwaka Ba alimtumia uzi ndani ya bahasha, naye akijibu kwa barua kwamba amejifunga mwenyewe kwa meno na mkono mmoja. Alifariki wakati wa baridi iliyopita.

"Mwaka huu sina wa kumfunga," alisema. "Halafu nakuja sinema, nasikia mwalimu anawaambia watu wote sisi tunaloga kaka zetu."

Nilimwambia nisamehe Ba, akanyanyuka kwenda jikoni, sikujua kama amesamehe. Niliondoka bila kula. Njiani nilikasirika, kwanza nilimkasirikia yeye, kwamba angeweza kuniambia baada ya mashindano. Kisha nikajikasirikia mimi, miaka yote ile kwenye meza yake, mdomo umejaa kachori, na swali moja nisiulize. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikisimulia kama asubuhi, kipaza sauti ni changu. Nikisema kweli, ninawaambia mamia ya watu kwamba nimekuwa nikiwadanganya.

Mchimbaji alianza. Mkanda ulipowashwa na sauti ikapunguzwa, nilisikia hadithi yangu ikitoka mdomoni mwake, neno kwa neno, limbwata na kila kitu. Ilikuwa imefika Geita kwa vinywa vya akina mama, ikakaa machimboni, ikanona, na sasa ilirudi ikiwa nzuri kuliko nilivyoipeleka. Alimpa mwanamke yule mganga kutoka ng'ambo ya mto na paka mweusi. Ukumbi ulikuwa wake. Mkanda ukarudishwa mwanzo, nikakabidhiwa kipaza sauti.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilisema, "Ndugu zangu, hadithi mliyoisikia ni yangu mimi, na si ya kweli. Huyu mwanamke ni dada yake."

Walicheka kwanza, wakadhani ni utani. Nilipoendelea wakaanza kuguna, kisha kupiga miguu sakafuni. Mmoja alipaza sauti kwamba mwalimu amehongwa na Wahindi. Lakini darasa la watoto sitini hukufundisha kuongea juu ya kelele. Nilisimulia nilichokiona, safari hii nikijua ninachokitazama: mwenye shamba anainua bunduki, kaka anapita mbele, dada anamlaza mapajani, anachana ukingo wa sari yake na kumfunga uzi mpya juu ya ule wa zamani uliolowa damu. Niliwaeleza kwamba huko kwao uzi huo ni ahadi, na kwamba hapo anamwambia ahadi imetimia, apumzike. Kama alisema maneno hayo hasa sikujua, na hilo pia nililisema.

Mama mmoja wa Kishapu, aliyekuwa akikaa safu yangu kila alipokuja mjini, alisimama katikati ya kelele zile. Aliwanyamazisha waliokuwa karibu naye kwa mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo hakulishwa bugota?" aliuliza, akitumia neno la Kisukuma la dawa.

"Hakulishwa chochote, mama."

"Alikufa tu hivi hivi, kwa ajili ya dada yake, akiwa na akili zake?"

"Akiwa na akili zake."

"Basi hii inauma zaidi," alisema, akaketi, akajifunika uso kwa khanga.

Pale karibu naye palitulia. Kwingine kote waliendelea kuguna mpaka taa zilipowashwa. Mshindi alichaguliwa kwa makofi, na makofi ya mchimbaji yalitikisa mabati. Yangu yalitoka orofani na katika safu tatu za mbele. Niliumia, sitaki kujifanya sikuumia. Kazi ile niliijua kuliko mtu yeyote mle ndani, yeye mwenyewe akiwemo, na nimeendelea kuamini hivyo hadi leo. Nilimpa mkono kama inavyotakiwa, nikatoka kwa mlango wa pembeni ili nisiagane na watu.

Ba alikuwa amesimama nje na mkwewe. Aliniuliza nimekula wapi mchana, nikamwambia sijala, akasema hoteli iko wazi. Tulikuwa tumeshaanza kuvuka barabara niliposikia mtu anakimbia nyuma yetu kwa viatu vizito. Ni mchimbaji, kipaza sauti bado kiko mkononi, jasho linamtiririka. Alimwamkia Ba kwa adabu, kisha akanigeukia, na ule ucheshi wa jukwaani haukuwepo tena.

"Mwalimu, hivi ni dada yake kweli?"

Nikamwambia ni dada yake kweli, na kama hasadiki, amuulize mama huyu.

Hakumuuliza. Alimtazama Ba, akatazama chini. "Kesho narudi Geita kuchukua vitu vyangu," alisema. "Kule machimboni nimewasimulia ile ya dawa miaka miwili. Kuna mtu alimfukuza dada yake kambini kwa ajili ya uzi wa kinga aliomletea, akidhani ni limbwata. Nitawaambia nini?"

Ba alikuwa kando yangu, anasikiliza. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno 'nimekosea' mbele ya mtu mzima, wala mbele ya watoto wa darasa la nne.

"Waambie mwalimu wa Shinyanga alikosea," nilisema. "Na uanze na huyo aliyemfukuza dada yake."