Kigoda Alichokichoma Mama Mkwe, Mimi Nimekitengeneza Upya

Admin, nifiche vizuri, maana mume wangu yupo humu na huwa anasoma kila kisa mpaka maoni ya mwisho. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Bunda, nina mume na watoto. Kazi yangu ni kupaka fanicha rangi za urembo. Siyo ile ya kupiga vanishi basi umemaliza. Meza iliyochoka naifanya ionekane ya marumaru, na kabati jipya nalifanya lionekane la kurithi.

Nilijifunza kwenye simu, kwa video za dada mmoja wa Mwanza. Mwanzoni nilikuwa kichekesho. Mishipa ya marumaru inachorwa kwa ncha ya unyoya, basi nikawa nafukuza kuku wa jirani, mpaka mwenyewe akaniuliza kama nimeanza uganga. Meza yangu ya kwanza ilitoka kama imemwagikiwa uji. Sikukata tamaa. Nikajifunza kusugua mshumaa kwenye kona kabla ya kupaka, ili ukipitisha msasa rangi ibanduke pale ambapo mikono ya watu ingeibandua yenyewe. Yule dada alikuwa anarudia kila mara kwamba kitu cha zamani hakichakai kote sawa, kinachakaa kinapoguswa. Leo wateja wananiita mpaka Musoma, na mume wangu aliyekuwa akisema nachafua uwanja ndiye anayenitangaza.

Sasa ujuzi huo huo ndio umeniponza. Baba mkwe alifariki mwaka jana. Kwa akina mume wangu, mzee akiondoka, kigoda chake hakikaliwi na mtu mpaka ukoo ukutane. Mjane mwenyewe anakitoa ndani, anapiga magoti, anakiweka mbele ya mtoto mkubwa wa kiume, naye anakikalia. Mtoto mkubwa ni mume wangu, na ukoo unakutana Jumamosi hii nyumbani kwao, njia ya Kisorya.

Mwezi uliopita mama mkwe aliniita, akafunga mlango. Huyu mama ananipenda kuliko hata ninavyostahili, kwa hiyo niliona tu uso wake nikajua kuna jambo.

"Mkamwana wangu, kigoda hakipo."

Nikadhani kimeibiwa. Akasema, "Nilikichoma. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zote zimelowa. Nikakiangalia, nikakitia jikoni. Nikapikia ugali, nikala, nikashiba."

Akanishika mkono. "Wewe si unafanyaga vitu vipya vinakuwa vya zamani? Nifanyie na mimi. Wazee wakijua watasema nimemchoma mume wangu. Watanitoa kwenye huu mji, na uzee huu niende wapi?"

Nilikubali bila hata kuuliza kwa nini alikichoma. Nikapata kigoda kipya kwa mchongaji mmoja Butiama, chenye umbo lile lile. Nikakipaka chai nzito mara kadhaa, nikachanganya masizi ya sufuria na nta nikakisugua. Kisha nikarudi kwa mama anieleze cha mzee kilichakaa wapi, kwa sababu bila hivyo kila mtu angejua ni cha juzi.

Akawa ananionyesha kwa kidole. Hapa alikuwaga anashika akiinuka. Hapa alikuwaga anafutia tumbaku. Akafika kwenye mguu mmoja, akasema, "Huu una ufa."

Nikamuuliza ufa wenyewe ni mrefu au mfupi, nijue patasi niipitishe wapi. Mama akashusha kitenge begani. Kuna kovu pale, limejikunja. "Ulipasukia hapa. Pima mwenyewe."

Jamani, nililia. Yeye hakulia. Aliniambia mzee alikuwaga anasubiri watoto waende ziwani kuchota maji ndipo anampiga, ndiyo maana hakuna hata mmoja anayejua. Akaniapisha nisimwambie mtu, na zaidi mume wangu.

Ule ufa nikauchonga, nikaujaza masizi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na ninaichukia.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani tukapita kwa mama, mume wangu akaomba akione kigoda. Akakishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Akapitisha kidole kwenye ufa akaniambia, "Unaona hapa, Mama K? Baba alimpiga nacho fisi aliyeingia zizini. Alikuwaga anatusimulia. Huyo ndiye mzee wangu. Jumamosi nitawasimulia watoto mbele ya ukoo wote."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la karanga. Akaitikia taratibu, "Eeh, mwanangu. Fisi."

Tangu hapo napima huku na huku. Nikimwambia mume wangu ukweli, nimemuua baba yake mara ya pili, nimevunja kiapo, na mama anaweza kufukuzwa kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Nikinyamaza, Jumamosi mama atapiga magoti mbele ya watu, amebeba mfano wa mguu uliompasukia begani, asikilize sifa za fisi, halafu wampigie vigelegele. Nimemwambia mama nitasingizia ugonjwa, kikao kiahirishwe. Amekataa, anasema nikae kimya, yeye ameshazoea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa ameshakichoma. Alikuwa ameshakimaliza na kushiba. Mimi ndiye niliyemrudishia mkononi.

Ndugu zangu, hasa kina mama mliokaa kwenye ndoa za namna hii, msinicheke. Leo ni Jumatano. Niseme, au ninyamaze?