Testa ya Mama

Mama yangu ametengeneza redio miaka thelathini, na hagusi waya wowote kabla ya kuupima kwa testa. Mtaani wanamwita Mama Testa. Mume wangu, karani wa ofisini, aliuona huo ushamba mtupu. Yeye alijifunza umeme mtandaoni, akafunga taa zote za nyumba ziwashwe kwa simu.

Jana nilipanda kiti nibadilishe balbu.

"Nimeshaizima," akasema mume wangu, macho kwenye simu.

Umeme ukanirusha hadi sakafuni.

Mama alikuja mbio, akafungua kisanduku cha swichi ukutani, akapima kwa testa.

"Mkwe wangu, swichi umeifunga kwenye waya wa kurudisha umeme! Taa inazimika kweli, lakini waya wa moto, ule unaoleta umeme, bado unafika kwenye balbu. Swichi inapaswa kukata waya wa moto, baba!"

"Lakini Mama, si simu inaonyesha imezimwa?"

Hata pole hajanipa, anaitetea simu! Mama akakisimamisha kiti chini ya taa.

"Haya, panda wewe. Simu ikulinde."

Hakupanda. Aliomba testa kwanza.